Jeshi: Pale askari wa chini anaporuhusiwa kusema mpango ulikuwa mbaya

Katika kambi ya Fort Irwin, ndani ya jangwa la Mojave, jimbo la California nchini Marekani, vikosi vinavyofika kufanya mazoezi mara nyingi vinashindwa. Wanaovishinda ni Wamarekani wenzao waliofundishwa kupigana kama adui, na bunduki zinatoa miale ya leza tu. Mara baada ya pigano, waliolishiriki wanakaa pamoja kujibu maswali manne: tulipanga nini? Kimetokea nini? Kwa nini? Safari ijayo tufanye nini?

Desturi hiyo ilizaliwa kutokana na aibu. Mwaka wa 1973 Marekani ilikuwa inaondoa askari wake Vietnam, jeshi likiwa limechoka na nidhamu imeporomoka. Mwaka uleule Jenerali William DePuy alipewa uongozi wa idara mpya ya mafunzo. Akiwa ofisa kijana, mwaka wa 1944, alikuwa ameona divisheni yake ya 90 ikipoteza watu wengi huko Normandy, Ufaransa, chini ya makamanda wasiojua kazi. Hakutaka tena jeshi lijifunze kwa kuzika watu. Kituo cha Fort Irwin kilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Maswali yenyewe ni mepesi. Ugumu uko kwenye vyeo. Mwongozo wa mwaka wa 1993 unaeleza kwamba kikao si cha kutoa alama wala kutafuta wa kulaumiwa, na kila aliyeshiriki ana haki ya kusema. Koplo anaweza kumweleza kapteni wake kwamba amri ya kusogea ilimfikia kwa kuchelewa. Kule Fort Irwin, kapteni hawezi kukana kirahisi, maana mazungumzo ya redio na mwendo wa magari vimerekodiwa. Pengine ushahidi huo ulisaidia kuliko hotuba zote kuhusu uwazi.

Mwaka wa 1985 kikaundwa kituo cha kukusanya mafunzo hayo, huko Fort Leavenworth, Kansas, ili kikosi kinachofuata kisianze upya. Mwaka wa 1991, vita vya nchi kavu dhidi ya Irak vilimalizika ndani ya saa 100. Silaha bora zilichangia sana, lakini maelfu ya askari wale walikuwa wameshashindwa mara nyingi jangwani kwao, bila kufa.

Hata hivyo, kujifunza kwa vikosi vya chini hakukuwatosha. Baada ya Vietnam, wakubwa walikuwa wameweka kando mafunzo ya vita vya msituni kwa sababu hawakutaka kuvirudia. Walipoingia Irak mwaka wa 2003 wakakutana na waasi, na mwongozo mpya wa kupambana nao ukatoka mwezi wa 12 mwaka wa 2006 tu. Miaka zaidi ya mitatu, watu wakifa.

Kwa wakaaji wa mashariki mwa Kongo, jambo hili si la mbali. FARDC iliundwa baada ya makubaliano ya Sun City, kwa kuchanganya watu waliokuwa wakipigana wao kwa wao. Goma ilichukuliwa na M23 mwezi wa 11 mwaka wa 2012. Mwaka mmoja baadaye FARDC, pamoja na kikosi cha Umoja wa Mataifa kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, waliwashinda waasi hao. Januari 2025, mji ukaanguka tena.

Mjadala wa kubadilisha jeshi unahusu zaidi mishahara, silaha na pesa za sheria ya programu ya kijeshi ya mwaka wa 2022. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini kikao cha maswali manne hakihitaji bajeti: pelotoni inaweza kukifanya jioni ileile chini ya mti, kwa fimbo na mchoro mchangani. Kinachosumbua ni kama luteni aliyerudi kutoka mstari wa mbele anaweza kueleza risasi zilikwisha saa ngapi, na nani hakuitika redioni, bila kuitwa msaliti.