Daktari wa televisheni na swali la kwao ni wapi

WAHENGA walisema mwacha asili ni mtumwa. Je, aliyezaliwa asili yake ikiwa imeshaachwa nyuma, naye tumwite nani? Swali hilo limenirudia si darasani ninakofundisha, bali sebuleni kwangu hapa Kimisagara, nikitazama na binti yangu Doctor Who, mchezo wa BBC ulioanza Novemba 23, 1963.

Kwa msomaji asiyeujua, ni hadithi ya kubuni ya kisayansi. Daktari ni msafiri wa nyakati kutoka sayari ya Gallifrey. Akikaribia kufa hugeuka sura, akaingia mwigizaji mpya. Lakini kinachobadilisha mchezo zaidi ni mwandishi mkuu, na kila mmoja ameamua upya kama Daktari ana kwao.

Mchezo ulisimama 1989. Russell T Davies alipoufufua 2005, Gallifrey ilikuwa imeteketea vitani na Daktari amebaki peke yake. Anatania sana, kumbe ni mkimbizi. Wazee wetu kule Karagwe walikuwa vivyo hivyo: mchana vicheko, jioni simulizi za milima waliyoiacha.

Steven Moffat alishika kalamu kuanzia 2010 hadi 2017. Mwaka 2013, mchezo ulipotimiza miaka 50, alisema Gallifrey haikuangamia, ilifichwa. Mwaka 2015 Daktari akafika kwao, na hakukaa. Wapo wanaolalamika kuwa Moffat alizidisha mafumbo, na sibishi. Lakini hapo alinigusa. Nilirudi Rwanda 1995 nikiwa na miaka 16, na Kinyarwanda changu kikachekwa sokoni.

Chris Chibnall, 2018 hadi 2022, alimleta Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza kuongoza mchezo huo. Kisha mwaka 2020 akatangaza kuwa Daktari hakuzaliwa Gallifrey. Aliokotwa akiwa mtoto. Mashabiki wengi waliwaka, nami nikiwamo. Ukimnyang'anya mtu kwao mara ya pili, umemwachia nini?

Davies aliporejea 2023 hakulifuta jambo hilo. Alilikabidhi kwa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali 1992, familia yake ikakimbia wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, akakulia Uskoti. Daktari wake anasema bila aibu kwamba aliasiliwa, na anakaribishwa katika nyumba ya mama anayelea watoto wa wengine. Kiufundi, awamu hii haifikii ile ya kwanza: vipindi vinane kwa msimu vilikuwa vichache, na Gatwa aliondoka Mei 2025 mambo mengi yakiwa hayajafungwa. Hata hivyo, hasira zangu kwa Chibnall zilipungua.

Binti yangu akaniuliza ni mwandishi yupi aliyesema kweli. Nikamjibu ni Moffat, kwa sababu mtu anaweza kufika kwao asione mahali pa kuketi. Nilipomaliza nikakumbuka kwamba mama yangu yuko jikoni, mlango wazi. Yeye ndiye aliyeililia Rwanda utoto wangu wote, na neno hilo sikuwahi kumwambia.

Akatoka akifuta mikono.

"Hata mimi, mwanangu," akasema kwa Kiswahili, "mpaka leo naiota Karagwe."

Ninyi mnaovuka Rusumo kila wiki, nadhani mnamwelewa.