Radoni, gesi ya shimoni

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, nzito karibu mara nane kuliko hewa. Huzaliwa na radiumu, na radiumu huzaliwa na urani, hivyo palipo na urani ardhini, hata chembe, radoni hupenya nyufa za mwamba na kupanda. Katika shimo la wazi kama la Mashamba, huko Kolwezi nchini Kongo, upepo huitawanya. Katika kisima chembamba cha mchimbaji, kisicho na njia ya pili ya hewa, hujilimbikiza.

Wapo watu wa Lualaba, mkoa wa Kolwezi, wanaosema kwamba urani ni habari ya Shinkolobwe, mgodi wa upande wa Likasi uliogunduliwa mwaka 1915 na kufungwa kwa amri ya rais mwaka 2004. Wanakosea. Wataalamu wa mawe wanaujua mgodi wa Musonoi, hapo hapo Kolwezi, kwa madini adimu ya urani na seleni, kama guilleminite na demesmaekerite, yaliyotambuliwa huko kwa mara ya kwanza duniani. Na mnamo Novemba 2018 kampuni ya Katanga Mining ilisimamisha kwa muda uuzaji wa kobalti ya mradi wake wa Kamoto, hapo Kolwezi, nchi za nje, kwa kuwa urani iliyokutwa ndani yake ilizidi kiwango kinachoruhusiwa bandarini.

Ajabu ya radoni ni kwamba yenyewe haina madhara makubwa. Anayeivuta huitoa tena karibu yote. Taabu iko kwa watoto wake. Nusu ya radoni huoza kila baada ya siku 3.8, na atomu iliyooza hugeuka poloniamu-218, ambayo si gesi tena bali metali. Metali hiyo hunata kwenye vumbi na moshi, ikaingia navyo mapafuni na kubaki humo. Nusu yake haimalizi dakika nne kabla ya kugeuka risasi, kisha bismuthi, kisha poloniamu-214 isiyodumu hata sekunde moja. Poloniamu hizo mbili hurusha chembe za alfa. Alfa ni nzito na haifiki mbali: karatasi huizuia, na seli zilizokufa juu ya ngozi ya mkono huizuia vilevile. Kwa sababu hiyo anayeogopa kulishika jiwe huku akipumua bila wasiwasi vumbi lake ameyapindua mambo.

Njia za hewa mapafuni hazina ngozi ya namna hiyo. Humo alfa husafiri chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, ikamwaga nguvu zake zote katika seli chache na kukata nyuzi zote mbili za DNA mahali pamoja. Ukikatika uzi mmoja, seli huutengeneza kwa kuufuata ule uliobaki. Zikikatika zote mbili, fundi anashona bila kipimo. Seli nyingi zilizopigwa hivyo hufa, na hiyo ni heri. Chache huishi na kosa, hulirithisha, na makosa mengine yakiongezeka mwaka hadi mwaka, huacha kutii amri ya kutogawanyika. Hiyo ndiyo saratani, na huchukua miaka 10, 20 au 30 kujitokeza. Kufikia hapo mchimbaji ameshaacha kazi, na kikohozi chake huweza kutibiwa kama kifua kikuu.

Si habari mpya. Mwaka 1879 madaktari Härting na Hesse walionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua wachimbaji wa Schneeberg, Ujerumani, ulikuwa uvimbe wa mapafu. Schneeberg nako kulichimbwa kobalti. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao Lyon, liliiweka radoni katika kundi la visababishi vya hakika mwaka 1988.

Huko Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako tangu mwaka 2014 watu walichimba hata chini ya nyumba zao, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na cha Leuven walieleza mwaka 2018 kwamba wakazi walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walikuwa na dalili za DNA kuharibika. Kwenye madepo ya kununua madini ya Musompo, karibu na Kolwezi, mashine iitwayo Metorex husoma asilimia ya kobalti kwa sekunde chache, maana hiyo ni pesa. Kipimo cha radoni nacho ni kipande cha plastiki ile ile ya lenzi za miwani, huachwa mahali miezi mitatu, na si ghali. Nchi iliyokuwa na kinu cha kwanza cha nyuklia Afrika, Kinshasa, 1959, haina udhuru wa kuwanyima creuseurs, wachimbaji wadogo, kitu kidogo hivyo.

Kinga ya kwanza ni hewa: tundu la pili, au feni yenye bomba linalofika pale mtu anapochimba. Kumwagia mwamba maji hupunguza vumbi. Barakoa ya chujio inayobana uso husaidia, kwa kuwa mkosaji anasafiri juu ya vumbi; kitambaa kilichofungwa mdomoni hakifai kitu. Magunia ya madini hayalazwi chumba kimoja na watu. Zaidi ya hayo yote ni kuacha sigara: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hatari ya radoni kwa mvutaji ni karibu mara 25 ya ile ya asiyevuta. Mchimbaji anayeacha sigara amejikinga kuliko kwa kifaa chochote.

   

Gesi hii ina kazi zake pia. Zamani ilifungwa katika vichupa vidogo na kuchomekwa ndani ya uvimbe ili kuuchoma. Siku hizi hutumika kufuatilia maji ya ardhini, kutafuta urani, kuchunguza nyufa za matetemeko.