Agizo la Dodoma na Diwani wa Ijumbi: Kweli au Si Kweli?

Vijiwe vya Ijumbi, wilayani Muleba, havikosi mtaalamu wa katiba. Redio ikitangaza agizo jipya, mmoja atasema halmashauri ilikatae, mwingine atajibu kwamba mkubwa akishatamka imekwisha. Wote wawili wanakosea.

"Baraza la madiwani linaweza kugomea amri ya serikali kuu, kama majimbo ya Marekani."

Si kweli, na hata huko Marekani mambo si mepesi hivyo. Mwaka 2021 mabunge ya majimbo kadhaa, South Dakota na Oklahoma yakiwemo, yalipelekewa miswada ya kuchunguza amri za rais na kuzikataa zinazoonekana kuvunja katiba. Januari 2024 Utah ikapata sheria ya namna hiyo. Lakini tangu 1958 Mahakama ya Juu ilikwishaweka wazi kwamba jimbo haliwezi kupuuza tafsiri ya katiba inayotolewa na mahakama hiyo. Kinga waliyonayo majimbo ni ndogo, ila ina meno: kwa hukumu ya 1997, serikali ya taifa haiwezi kuwalazimisha maofisa wa jimbo wawe watekelezaji wake.

Muleba haina hata hiyo. Ibara za 145 na 146 za Katiba yetu zinazitaja serikali za mitaa, lakini kiasi cha madaraka yake hupangwa na Bunge, na kilichopangwa hupanguliwa. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa. Sheria za 1982 zikazirudisha. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa TRA, na 2021 ukaingizwa kwenye LUKU. Leo mwenye nyumba Muleba mjini ananunua umeme, na kodi inakatwa kabla hajaona uniti. Diwani wake hakuulizwa.

"Tamko la jukwaani ni sheria."

Si kweli. Hili ndilo linaloumiza watu wengi, maana mtendaji hulibeba kama lilivyo na kuanza kutoza faini. Kiongozi anaweza kuagiza pale tu sheria inapompa uwezo huo. Kanuni za waziri hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kisha huwekwa mezani bungeni, ambako Kamati ya Sheria Ndogo huzipitia, na Bunge linaweza kuzitengua. Mahakama Kuu nayo inaweza kulifuta agizo lililotolewa bila mamlaka. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtendaji ni jepesi: ni sheria gani, kifungu gani?

"Mkuu wa wilaya ni bosi wa madiwani."

Kisheria, si kweli. Yeye ni mwakilishi wa serikali kuu, wala si mjumbe wa baraza. Lakini mkurugenzi anayeshika kalamu ya halmashauri huteuliwa na rais, na sheria ya 1997 inampa mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Diwani mwenye familia hulikumbuka hilo kabla hajanyoosha mkono.

"Ni wapiga kura tu wanaoweza kumng'oa diwani."

Si kweli. Akivuliwa uanachama wa chama chake, kiti kimekwenda. Waulizeni Bukoba: mwaka 2013 CCM mkoani Kagera iliwafukuza madiwani wanane wa manispaa waliokuwa wakivutana na meya wao, hadi ngazi ya taifa ilipoingilia kati na kuwarudisha.

"Watu wa huku hawajawahi kubishia amri."

Si kweli hata kidogo! Mwaka 1937 wakulima wa Bukoba walizipinga kanuni za kahawa za mkoloni. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanasiasa Ali Migeyo alifungwa baada ya mkutano wake wa Kamachumu, hapa hapa Muleba, kutawanywa na polisi.

"Kijiji kinaweza kujitungia sheria."

Kweli. Mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, sheria ndogo zilitumika kuwabana waliokataa kung'oa migomba iliyougua. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, wanakijiji huijadili mkutanoni, kisha baraza la madiwani huiidhinisha. Za halmashauri yenyewe hupanda hadi kwa waziri wa TAMISEMI, na bila saini yake hazina nguvu. Njia ya kutoka Ijumbi kwenda juu ipo, basi, ila kila kituo kina mtu anayeweza kusema hapana. Amri inayoshuka kutoka juu hutangazwa kwanza, ukaguzi hufuata.