Ua Letu, Mali ya Nani?

Juzi nilinunua chungu kidogo chenye ua katika duka moja hapa mjini. "Hilo limetoka Ulaya, mzee," kijana muuzaji aliniambia kwa fahari. Nilicheka moyoni. Lilikuwa ua la Usambara, mwenyeji wa Tanga!

Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwao ua hilo. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia kwa heshima yake. Mabingwa wa bustani wa Ulaya na Marekani wakalichanganya tena na tena, na leo kuna maelfu ya aina zake: meupe, ya waridi, yenye petali za marinda. Sisi tuliotoa mama sasa tunanunua watoto.

Kuzalisha aina mpya si uchawi, ni subira. Tuchukue mfano wa waridi. Mtaalamu huondoa sehemu za kiume za ua mama kabla halijajichavusha, kisha hulipaka chavua ya ua baba. Mbegu zikikomaa huoteshwa, na kila mche huwa na sura yake, kama watoto wa tumbo moja. Katika maelfu ya miche huenda ukafaa mmoja tu: wenye shina refu, usioshikwa na ukungu, na ambao ua lake huvumilia safari ya ndege na kukaa siku nyingi mezani kwa mnunuzi. Kazi hiyo huweza kuchukua miaka minane au zaidi.

Lakini mche huo ukishapatikana, kuuzidisha ni rahisi. Vipandikizi na kubebesha vinatosha, na jirani anaweza kukuiga. Ndiyo maana sheria humlinda mgunduzi, na anayetaka kupanda aina yake kwa biashara humlipa mrabaha. Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2012, na mwaka 2015 ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea.

Basi sheria tunayo. Wagunduzi wako wapi? Waridi nyingi zinazopandwa Arusha, na kwa jirani zetu wa Naivasha, zimebuniwa na makampuni ya nje. Jua letu, maji yetu, jasho letu; lakini mrabaha unavuka bahari.

Mimi nasema tuanze na kilicho chetu. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo, kituo cha Tengeru kipo, na wataalamu wapo. Wapewe fedha za miaka kumi, si za mwaka mmoja, maana ua halifuati kalenda ya bajeti. Na misitu ya Usambara ilindwe. Kila mti ukianguka, maua yanayoishi kivulini mwake hufa, pamoja na sifa ambazo mgunduzi wa kesho angezihitaji.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Ua letu liliandikwa katika daftari la wenzetu. Yaliyobaki tuyaandike wenyewe.