Matunda na Kachumbari Safarini: Kula Bila Kuhatarisha Afya

Madereva wanaosubiri foleni ya malori Malaba, wahudumu wa bodaboda kati ya Busia na Funyula, na wachuuzi wanaozunguka masoko, wengi hula matunda na kachumbari kazini. Ni chakula kizuri, na hakihitaji jiko. Lakini kwa kuwa hakipiti motoni, viini vya kipindupindu na homa ya matumbo kutoka maji machafu au mikono isiyonawiwa hufika tumboni vikiwa hai.

Zingatia haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha umenye tunda mwenyewe: ndizi, chungwa, embe au parachichi. Lioshe kabla ya kulikata, kwani kisu huingiza uchafu wa ganda ndani.

2. Epuka tikitimaji au nanasi lililokatwa na kuachwa wazi.

3. Ndimu na chumvi hazitoshi kuua viini kwenye kachumbari. Kama hujui nyanya zilioshwa kwa maji gani, agiza mboga iliyopikwa, ikiwa moto.

4. Beba maji yaliyochemshwa au kutiwa klorini.

Ukianza kuharisha majimaji, usingoje kufika nyumbani. Kipindupindu kisipotibiwa kinaweza kuua kwa saa chache. Kunywa ORS. Ukiikosa, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Endelea kunywa ukielekea kituo cha afya kilicho karibu nawe.