Kidole Kisichotambuliwa

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Dkt. Richard Hindorf, na tangu hapo wengi mkoani Tanga wamezeekea kazi ya kuukata. Pwani, kuanzia Mkinga hadi Pangani, wavuvi wamevuta kamba za nyavu, na wanawake wamesuka makuti na ukili. Kazi za namna hiyo huwaachia wazee sugu mikononi na hufifisha alama za vidole.

Mwaka 2019 Tanzania ilianza kusajili laini za simu kwa alama hizo, na Januari 20, 2020 ikawa mwisho wa laini zisizosajiliwa. Kijana huweka kidole kwenye mashine akaondoka. Mzee huenda akaambiwa arudi kesho, kwa kuwa vijituta vya ngozi husawazika kwa umri, nayo ngozi hupungukiwa maji na mafuta. Ukavu huohuo huweza kuifanya simu ya kugusa isiuhisi mguso wake. Hubonyeza mara tatu, kisha humrudishia mjukuu simu akisema intaneti ni mambo ya vijana.

Kauli hiyo isipokewe kirahisi. Mara nyingi kinachomzuia si akili wala hamu, bali mwili. Baada ya miaka 40 lenzi ya jicho huzidi kuwa ngumu na maandishi ya karibu hufifia; mtoto wa jicho huongeza ukungu; mkono hutetemeka, na menyu ya kutuma fedha hujifunga kabla hajaisoma.

Hasara yake hugusa afya. Tarehe ya kliniki ya shinikizo la damu ikitumwa kwa ujumbe, huenda ikapita bila kusomwa. Anayemsomea hujua ugonjwa wake. Anayemtolea fedha hujua namba yake ya siri.

Mengi yana dawa nyepesi. Mikono ioshwe, ipakwe mafuta kidogo na kufutwa kabla ya kuwekwa kwenye mashine. Kidole kimoja kikikataa, kijaribiwe kingine. Herufi za simu zikuzwe. Macho yapimwe, maana miwani ya kusomea husaidia, na mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji. Mhudumu wa afya naye aandike tarehe kwenye kadi na kumtamkia mzee mwenyewe, asidhani kuwa ujumbe uliotumwa umekwisha kusomwa.