ADUI WA WARIDI HUKAA CHINI YA JANI

Msafiri atokaye Meru mjini kwa njia ya Nanyuki hufika Timau, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, na hapo huona mambo mawili yasiyofanana. Upande huu ni mashamba ya ngano na viazi. Upande wa pili ni safu za nyumba za plastiki ambazo ndani yake hamna chakula hata punje. Mna mawaridi, maelfu kwa maelfu, yanayokatwa kabla hayajachanua, yakafungwa mafungu na kupelekwa uwanja wa ndege wa Nairobi ili yakauzwe Ulaya.

Si ajabu mzee aliyekuzwa kwa viazi vikuu na mtama akiuliza: ua lisiloliwa lina faida gani? Jibu ni kwamba ua hilo ndilo linunualo unga na kulipa karo katika nyumba nyingi za vibarua wa Timau. Kwa hiyo kila kinachogusa jani la waridi hugusa pia chungu kilicho jikoni. Na miongoni mwa viumbe viligusavyo jani hilo, msumbufu kupita wengi ni mdogo kuliko kichwa cha pini. Naye ni utitiri mwekundu, ambaye wakulima wengine humwita buibui mwekundu.

NI KIUMBE GANI?

Kwa kusema kweli, utitiri si mdudu. Mdudu ana miguu sita, bali utitiri aliyekomaa ana minane, naye ni wa ukoo mmoja na buibui, kupe na nge. Urefu wake ni kama nusu milimita. Jina lake nalo lisimpoteze mtu, kwani mara nyingi rangi yake ni kijani hafifu au manjano, akiwa na madoa mawili meusi mgongoni.

Makao yake ni upande wa chini wa jani. Hulitoboa kwa mdomo ulio kama sindano na kufyonza maji yaliyomo. Jani huanza kwa vitone vyeupe, hugeuka manjano au rangi ya shaba, kisha hukauka na kuanguka. Utitiri wakizidi hutanda utando mwembamba juu ya majani na hata juu ya ua lenyewe. Ua la namna hiyo halina mnunuzi.

Nguvu yake imo katika uzazi. Jike mmoja aweza kutaga mayai 100 au zaidi katika maisha yake mafupi. Joto likiwa nyuzi 30 hivi, yai huwa utitiri mzima kwa muda wa kama wiki moja. Penye baridi hukawia wiki mbili au tatu.

Sasa msomaji na atazame kalenda. Mvua za vuli huisha Desemba, na kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, Meru na Embu hupata jua kali na vumbi. Hata Timau, penye baridi ya usiku, mchana joto la ndani ya nyumba ya plastiki hupita lile la nje. Hiyo ndiyo miezi ya utitiri. Na katikati yake ipo tarehe 14 Februari, Siku ya Wapendanao, ambapo watu wa Ulaya hununua mawaridi kwa wingi. Hivyo basi, ua linapotakiwa sana ndipo adui yake anapozaana sana.

SUMU ILIYOMSAIDIA ADUI

Wengi wakiona hatari hiyo hukimbilia dawa kali. Historia yatuonya. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, wakulima wa matunda wa Marekani na Ulaya walianza kunyunyizia DDT. Wadudu wengi walikufa, lakini utitiri wakaongezeka kuliko zamani. Sababu ilikuja kujulikana: dawa ile haikuwadhuru sana utitiri, bali iliwaua maadui zao waliokuwa wakiwala kila siku. Mkulima alikuwa amemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango wazi.

Kenya ilipiga marufuku DDT katika kilimo mwaka 1986, lakini somo lile halijapitwa na wakati. Utitiri huzoea dawa upesi. Ukinyunyiza dawa ya aina moja mara kwa mara, wachache wasiokufa ndio wanaozaa, na baada ya vizazi kadhaa dawa ile huwa kama maji. Mkulima huongeza kipimo, gharama hupanda, na utitiri wapo pale pale.

Wa kuumia zaidi ni kibarua. Anayenyunyiza bila mavazi ya kujikinga, au anayeingizwa kuchuma maua kabla ya saa zilizoandikwa kwenye chupa kupita, hurudi kwa watoto wake na sumu mwilini na nguoni. Ua zuri lililonunuliwa kwa afya ya mtu ni ghali mno.

UTITIRI AMLA MWENZAKE

Njia nyingine ilianzia mahali ambapo hapakutazamiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mtaalamu mmoja wa Ujerumani aitwaye Dosse aligundua utitiri wa aina nyingine katika maua ya okidi yaliyoletwa kutoka Chile. Huyu hali majani. Chakula chake ni utitiri wenzake na mayai yao. Ana rangi ya machungwa, ni mwepesi wa mbio, na kwa siku moja aweza kumaliza mayai 20 hivi. Pasipo mawindo hufa au huhama.

Leo utitiri mwindaji huyo hufugwa humu humu nchini. Hupandwa maharagwe, wakaachiliwa utitiri waharibifu ili wazaane, kisha wawindaji huingizwa wale na kuongezeka. Hutiwa chupani na kumwagwa polepole juu ya majani ya waridi. Lakini naye ana masharti yake: ukame na joto kali humdhoofisha, na dawa za kuulia wadudu nyingi humwua. Anayemnunua leo na kunyunyiza sumu kesho ametupa fedha zake.

JICHO LA KIBARUA

Hata hivyo, mwindaji peke yake hatoshi. Lazima mtu ajue adui yuko wapi kabla hajaenea. Katika mashamba makubwa wapo wafanyakazi waitwao maskauti. Hupita mstari kwa mstari, hugeuza majani, huyatazama kwa kioo cha kukuzia, na kuandika ni kitanda kipi kimeingiliwa. Hapo hutibiwa kitanda kimoja badala ya shamba zima.

Wapo wanaoidharau kazi hii kwa kuwa haina kelele za pampu. Lakini ndiyo inayookoa maua, fedha na mapafu ya watu. Wala si maarifa mageni. Wazee wetu hawakuwa na kioo cha kukuzia, lakini walilitembelea shamba kila alfajiri na kujua jani lililobadilika rangi tangu jana.

NYUMBANI EMBU

Mama mwenye mche wa waridi mlangoni kule Runyenjes, au mkulima wa Manyatta mwenye nyanya na mishiri, ana adui yule yule. Haimpasi kungoja mtaalamu. Na ageuze majani mara moja kwa wiki. Akiona vitone vyeupe, ayakate majani yaliyoharibika sana na kuyachoma. Kisha ayarushie maji kwa nguvu upande wa chini majani yaliyobaki, na kurudia kila baada ya siku chache, kwa maana utitiri hawapendi unyevu. Mche usikose maji, na vumbi la njiani lioshwe. Maji ya sabuni laini yasiyo makali husaidia pia, yakinyunyizwa jioni, lakini yajaribiwe kwanza kwenye majani machache. Mwarobaini nao hutumika.

Jambo moja asifanye: asichukue dawa ya kahawa iliyosalia ghalani na kuinyunyiza kwa kubahatisha. Huenda isimwue utitiri hata mmoja, bali ikamwua mwindaji wa asili na kumdhuru mtoto achezaye hapo mlangoni. Dawa ikilazimu, na iwe ile iliyoandikwa kuwa ni ya utitiri, kwa kipimo chake, na afisa wa kilimo aulizwe kwanza.

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mwenye waridi, ki chini ya jani, na dawa ya kwanza ni kuligeuza.